Mawe Juu ya Ardhi ya Ukoo

"Hivi hiyo njia unamjengea nani, mama Ester?"

Swali hilo Shakila aliliuliza siku moja akiwa amesimama ng'ambo ya ua wa michongoma, beseni la nguo amelibana kiunoni. Shakila alikuwa jirani wa upande wa chini, mtu wa Tanga, mpangaji, na kwake utani na ukweli vilitoka katika mdomo uleule kwa sauti ileile. Juliana alikuwa ameinama, anachomeka vijiti ardhini kuonyesha njia ya gari itakapopita, kutoka barabarani hadi mlangoni kwake. Hakucheka.

"Nimjengee nani tena? Najenga kwangu."

"Haya, kwako." Shakila alilihamisha beseni upande wa pili. "Mie mpangaji, mambo ya viwanja nitayajulia wapi? Lakini hata mpangaji, mama, hapaki rangi nyumba ya watu kabla hajajua atakaa mpaka lini."

"Wewe kafue, Shakila. Povu linakukaukia."

"Nafua, nafua. Tena nikimaliza nitakuja kuipita hiyo njia kwa maringo, na kanga mpya. Utanitoza?"

Juliana alichomeka kijiti kingine, akakikandamiza kwa kisigino. Alimpenda Shakila, lakini siku hiyo alimwona hana adabu.

Nyumba ile ilikuwa juu kidogo ya Kilakala, pale mlima unapoanza kunyanyuka na mashamba ya migomba yanaposhuka karibu na nyumba za mjini. Benedikto, marehemu mumewe, aliijenga mwenyewe siku za mapumziko alipokuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Tofali alichoma mwenyewe. Bati alinunua kidogokidogo. Hakuna mtu aliyebisha kwamba nyumba ni ya Benedikto. Lakini ardhi haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya ukoo wa mama yake, na kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Benedikto aliipata kwa mama yake, na alipokufa haikwenda kwa mtoto wake. Ilirudi kwa watoto wa dada yake. Mtoto wa dada yake mkubwa aliitwa Laurenti.

Juliana naye alikuwa Mluguru, wa ukoo mwingine, na Ester, binti yake wa pekee, alifuata ukoo wa mama. Kwa hiyo Ester, aliyezaliwa katika nyumba ile na kujifunza kutembea kwa kushika kuta zake, alikuwa mgeni katika uwanja aliochezea. Juliana alilijua hilo tangu siku ya harusi. Kulijua ukiwa na mume ni jambo moja. Kulijua ukiwa umemzika ni jingine.

Kitu kimoja tu kilikuwa cha Ester bila ubishi, nacho ni miti. Mti wa kudumu ni wa aliyeupanda, na akifa ni wa watoto wake, hata kama ardhi ni ya wengine. Ndiyo maana mgeni akikaribishwa kulima huambiwa apande mahindi, apande maharage, lakini mchungwa au mnazi asipande mpaka aombe ruhusa, kwa sababu mwenye mti ana pa kusimama. Benedikto alikuwa amepanda michungwa mitatu na mparachichi mmoja, mstari mmoja, upande wa chini wa uwanja. Kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi kurudishwa majumbani, Ester naye akiwemo, miti ile ndiyo iliyomlisha. Msimu ukifika alijaza tenga, akapanda gari hadi Mikese, akauza kwa abiria wa mabasi ya Dar es Salaam.

Matanga yalipokwisha, kaka wa marehemu, mzee Lukasi, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alimwita Juliana barazani mbele ya watu, akamwambia, "Kaa, shemeji. Kaa kwanza."

Watu waliitikia, wakashukuru, wakaondoka. Neno "kwanza" lilibaki na Juliana. Alilala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo kanisani. Kwanza, halafu? Yeye alikuwa mtu mzima, angeweza kurudi kwa kaka zake huko juu, akapewa kachumba, akazeeka. Lakini Ester, hana kazi, hana mume, angekwenda wapi? Kila alipoomba, Juliana alimwomba Mungu jambo moja tu: nyumba ibaki mikononi mwa Ester. Hakuomba mengine. Hata magoti yaliyomuuma hakuyaombea.

Wazo la njia lilimjia akiwa anatoka misani. Mbele ya kanisa la zamani palikuwa na njia ya mawe iliyowekwa enzi za mababu, mawe yamesimamishwa na kubanana, masika yanakuja na kupita, njia iko palepale. Juliana alisimama akaitazama. Mti, alijiambia, unaweza kukauka. Upepo unaweza kuuangusha. Mdudu anaweza kuula. Lakini jiwe? Kama mgeni aliyeruhusiwa kupanda mchungwa anapata pa kusimama, itakuwaje kwa aliyeruhusiwa kuweka mawe ardhini? Wakikubali mbele ya mashahidi, watakuwa wamekubali nini kama si yeye na mwanawe kubaki?

Basi alipanda mlima kwenda kwa mzee Lukasi, na mchele kitambaani na sukari mkononi. Alipiga magoti mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo shemeji."

"Milele amina. Marahaba. Karibu, umepanda na jua lote hili?"

Alieleza shida yake vizuri. Mvua ikinyesha ule mteremko mwekundu unakuwa sabuni. Padre anapoleta komunyo kwa wagonjwa analiacha gari barabarani, anapanda akishika majani. Marehemu mwenyewe, siku ya kupelekwa hospitali, alishushwa kwa kiti, na kiti kiliteleza. Anaomba ruhusa atengeneze njia ya gari, njia ya kudumu, kwa akiba aliyoacha mumewe. Hakusema zaidi ya hapo. Lililobaki alilibeba moyoni, akiamini na wao wanalielewa.

Laurenti alikuwepo siku hiyo, pamoja na wanaume wawili wa ukoo. Alikuwa kijana wa makamo, mnene kidogo, mchangamfu, mfanyabiashara wa vitunguu na mahindi kule Dumila tangu soko lilipofunguliwa na kila mtu kuruhusiwa kuuza anachopata. Kabla mzee hajajibu, yeye alisema, "Mwacheni mama atengeneze. Hiyo ni heshima ya mjomba."

Mzee Lukasi akaitikia kwa kichwa. "Tengeneza, shemeji. Hakuna anayekukataza."

Juliana alishuka mlima akisali rozari, matendo ya furaha, ingawa siku yenyewe ilikuwa ya matendo ya uchungu. Njiani aligundua kosa, akasema Mungu atamsamehe, akaendelea na furaha.

Fundi wa kwanza kuja alitoka mjini. Jina lake Godlisten, mkandarasi, ana pikapu na kadi yenye jina lake iliyochapishwa kwa wino wa bluu. Alisimama barabarani, akatazama juu, akauliza bila kuzima injini, "Mama, unataka lami au zege?"

"Mimi nataka unieleze kipi kitadumu."

"Zege. Zamani saruji ilikuwa kwa kibali, leo dukani ipo kama chumvi. Nitakuwekea zege na nondo, wajukuu watateleza juu yake na baiskeli." Akazima injini, akashuka, akapanda hatua chache, akashika kiuno. "Lakini niulize jambo moja, mama, usichukie. Kiwanja kina hati?"

"Hati ya nini?"

"Hati. Karatasi. Mimi siweki kitu kizito penye ardhi isiyo na karatasi. Nimeshamjengea mtu kule chini, nduguze wakaja na shoka, mimi nikaburutwa mahakamani kama shahidi mpaka nikachoka."

Juliana alisikia damu inampanda usoni. Hii ni nyumba ya ndoa ya kanisani, alimwambia, si kibanda cha kuvamia. Wenye ardhi wameruhusu kwa midomo yao, mbele ya watu. Kama yeye anaamini karatasi kuliko midomo ya wazee, aende akawajengee wenye karatasi.

"Sawa mama," alisema Godlisten, akarudi kwenye pikapu yake. "Nilikuwa nauliza tu."

Wa pili alikuwa Kasimiri, mwashi kutoka vijiji vya mlimani, mtu wa maneno machache asiyeachana na kofia yake ya sufu hata jua likiwaka. Yeye alikwenda juu na chini, akakojoa kichakani, akarudi, akakaa juu ya jiwe.

"Ukiweka moramu, hii changarawe nyekundu," alisema, "masika ya kwanza itakuwa imehamia kwa huyu jirani yako."

"Nitaipokea!" Shakila alijibu toka ng'ambo ya ua. "Nina shimo uani."

"Ukiweka zege, mteremko huu una maji chini kwa chini. Litaanza kupasuka, utaziba, litapasuka kwingine. Mawe ni bora. Yapo hapahapa mtoni. Tunachimba, tunamwaga mchanga, tunasimamisha jiwe. Ukililaza linazunguka kama jino bovu. Ukilisimamisha linamshika mwenzake. Kokoto tunazishindilia katikati, saruji kidogo kwenye kingo, mfereji upande wa juu. Basi."

"Na litadumu?"

"Sisi tutakwenda, lenyewe litabaki."

Hilo ndilo neno alilotaka kusikia. Wakapatana. Kasimiri alichora njia iliyopinda, ikaizunguka ile michungwa kwa upande wa kushoto, ikarudi mlangoni. Pikapu ingepita vizuri, gari la padre lingepita vizuri. Ester alipoiona ile kona alitabasamu, na tangu kiwanda kiuzwe Ester hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo.

"Umeipenda?" Juliana alimuuliza.

"Nimependa imewapisha wazee," alisema Ester. Wazee wake ni ile michungwa.

Kazi ilianza. Kasimiri alikuja na wanaume wanne wenye sururu na makoleo, watu wa kelele, kutwa wanataniana. Aliyekuwa mvivu walimwita Bwana Shamba, na kila alipokaa kivulini walimuuliza mazao yanaendeleaje. Mawe yalipanda kutoka mtoni kwa toroli na kwa mabega. Juliana aliwapikia ugali na maharage, na yeye mwenyewe alisimama juu yao kila siku. Jiwe lililolazwa alilinyooshea kidole, likang'olewa. Jiwe lenye ufa alilirudisha. Hakuna kilichompita.

Walikuwa wamefika chini kidogo ya michungwa siku Laurenti alipokuja. Lori lake aina ya Fuso alilisimamisha barabarani, akapanda kwa miguu na mfuko wa vitunguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Na mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Ee, hii ndiyo njia! Kasimiri, umeua!" Alikanyagakanyaga mawe, akainama, akayapapasa. Kisha akasimama penye kona, akatazama chini, akatazama juu. "Lakini hapa Fuso haipindi."

"Fuso ya nini, mwanangu?"

"Mama, leo pikapu, kesho Fuso. Dunia imefunguka. Mimi nikitoka Dumila na gunia la mahindi la kukuletea, niliache barabarani? Watu waseme kwa mjomba wangu hapafikiki?" Akacheka, akamgusa bega. "Ungenyoosha moja kwa moja. Na upana uongeze. Saruji ya kingo nitaleta mimi, mifuko ninayo."

Kasimiri alivua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akajikuna kichwa. "Ikinyooka inapita penye miti."

"Sisemi mkate," alisema Laurenti haraka. "Miti ni ya mjomba. Mimi nasema tu lori halitapinda."

Wote wakamtazama Juliana. Wanaume wa sururu wakaacha kazi. Ester hakuwepo, alikuwa Mikese na tenga lake.

Juliana alifikiri. Alijua miti ile ni nini, asije mtu akasema hakujua. Lakini aliona pia mbele yake mwenye ardhi mwenyewe, mrithi, amesimama juu ya mawe ameyafurahia, anaahidi kuleta saruji yake. Mtu anaweka saruji yake mahali anapotaka kumfukuza mtu? Aliyefungua mdomo kwanza kule juu ni huyu. Leo akimkatalia kwa ajili ya machungwa, kesho atakuwa na moyo uleule? Na njia iliyowekwa kwa mkono wa mjane na wa mrithi pamoja, nani atakuja kuing'oa? Miti ilikuwa minne. Nyumba ilikuwa moja.

"Mama, unasemaje?" Kasimiri aliuliza.

"Kata," alisema Juliana.

"Nikate?"

"Nimesema kata."

Michungwa ina mbao ngumu. Mpaka alasiri mapanga na shoka yalikuwa bado yanalia, na harufu ya majani mabichi ilijaa uwanja mzima, tamu, kama mtu amemenya machungwa elfu. Shakila alitoka, akatazama, akaweka mkono mdomoni, akarudi ndani. Siku hiyo hakutania.

Ester alirudi jua likiwa limeinama. Aliweka tenga chini. Alitembea kutoka kisiki hadi kisiki, akashika kila kimoja, kama mtu anayepima homa ya watoto.

"Nani kasema?"

"Ukoo umesema njia ipite hapo," Juliana alijibu. "Laurenti alikuja."

"Ukoo ndio umesema?"

"Laurenti alikuja, mwanangu. Gari kubwa halipindi. Lakini tulia. Hili ni kwa ajili yako, utakuja kuona."

Ester aligeuka. Alikaa juu ya gogo la mparachichi, akavua viatu, akatazama miguu yake. Baadaye aliingia ndani akasonga ugali, wakala, na hakuna aliyelitaja tena jambo lile katika nyumba ile. Juliana alijiambia hakusema uongo. Laurenti alikuwa amekuja kweli, na gari kubwa halikupinda kweli. Lakini Jumamosi, akiwa katika foleni ya kitubio, zamu yake ilipokaribia alijitanda kanga vizuri, akampisha mama aliyekuwa nyuma yake, kisha akampisha na mwingine, mwisho akaondoka akaenda kununua mafuta ya taa.

Njia ilikamilika kabla ya masika. Ilikuwa nzuri, hakuna aliyesema vinginevyo. Ilipanda moja kwa moja kama ngazi ya wakubwa, kijivu, kingo za saruji pande zote, mfereji safi. Mvua ya kwanza ilipopiga, matope yalishuka kwenye mashamba ya watu na njia ilibaki inang'aa. Katekista alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Akina mama wa jumuiya waliimba toka barabarani hadi mlangoni bila kushika majani, na mmoja alisema Benedikto angekuwa hai angelia. Juliana usiku ule aliomba kwa kushukuru tu.

Kisha Fuso ilikuja.

Haikuja na gunia la mahindi. Ilikuja tupu, ikapanda polepole, ikasimama pale pale palipokuwa na mparachichi. Laurenti alishuka, na pamoja naye alishuka mtu mfupi mwenye kanzu safi na koti juu yake, ambaye Laurenti alimtaja kwa jina la Abuu, mfanyabiashara, mshirika wake. Abuu alisalimia kwa heshima. Kisha alirudi nyuma ya lori, akapiga mawe kwa kisigino mahali hapa na pale, akaitikia kwa kichwa.

"Inabeba," alisema. "Hata likiwa na mzigo, inabeba."

"Si nilikuambia?"

Juliana aliwaandalia chai. Wao walizunguka nyuma ya nyumba, wakapima kwa hatua, wakanyoosha mikono kuelekea migomba, wakarudi, wakanywa chai na viazi, wakashukuru. Akiwa anaosha vikombe, Juliana alimsikia Abuu akisema dirishani, "Ghala likikaa hapa, ndizi zote za mlima hazina pengine pa kupita." Alisimama na kikombe mkononi mpaka maji yakamwisha kwenye vidole. Alijiambia ni ghala la mahali pengine. Alijiambia hivyo hadi Jumapili.

Jumapili baada ya misa walishuka. Mzee Lukasi na fimbo yake, wanaume wawili wa ukoo, Laurenti, na mama yake Laurenti, Maria, dada wa marehemu, mama mzito aliyepanda vibaya na kupumua kwa kelele. Kasimiri naye alikuwepo, kasimama pembeni na kamba yake ya kupimia, kwa sababu Laurenti alimwita aje atazame msingi. Walikaa barazani. Ester alileta viti, kisha akabaki mlangoni.

"Shemeji," mzee Lukasi alianza, "hatukuja kugombana. Umemtunza ndugu yetu, umemwuguza, umemwombea. Hilo tunalisema wazi. Sasa mahali hapa Laurenti anapahitaji. Mazao ya wajomba zake huko juu yanaoza kwa kukosa gari, na leo gari linafika."

"Linafika kwa njia yangu," alisema Juliana.

"Linafika, ndiyo. Tunashukuru. Mabati ni yako. Milango na madirisha ni yako. Ukiwa tayari vijana watakusaidia kubeba."

 Huko chini kuku wa Shakila alikuwa akitangaza yai lake.

"Shemeji, nilipanda kuja kwako," Juliana alisema. Sauti yake haikutetemeka, maana alikuwa mtu wa kujishika. "Nilipiga magoti. Niliomba kuweka kitu cha kudumu katika ardhi yenu, mkanipa, mbele ya watu. Mgeni akiruhusiwa kuweka cha kudumu, ana pa kusimama. Hata kwetu ndivyo tunavyosema. Sasa mnaniambia nini?"

Mzee Lukasi alimtazama kwa mshangao wa kweli, na mshangao ule ndio uliomuumiza Juliana kuliko yote, kwa sababu aliona hakuna hila ndani yake.

"Shemeji, hilo ni la miti. Uliomba njia ya kufika nyumbani, nani angekunyima? Njia akipita padre ni ya padre, akipita mbuzi ni ya mbuzi. Umesikia wapi mtoto karithi njia?"

"Mawe ni ya nani basi?"

"Si ya mto wetu?" alisema mmoja wa wale wanaume, bila ubaya.

Mama Maria alikuwa amepata pumzi. "Mimi nimeuliza tangu nimekaa hapa," alisema, "na hakuna anayenijibu. Michungwa ya kaka yangu iko wapi? Maana ile ni ya Ester. Ile ingekuwepo, mimi mwenyewe, na Laurenti ni mwanangu wa kumzaa, ningesema mtoto asiguswe. Anahamishwaje mtu na miti ya baba yake? Iko wapi?"

Ester ndiye aliyejibu, toka mlangoni. "Mliikata nyinyi, shangazi."

"Sisi?"

"Ukoo mlisema njia ipite pale."

Mzee Lukasi aligeuza kichwa. "Laurenti?"

"Mjomba, mimi nilisema lori halitapinda. Nikasema na wazi, sisemi mkate." Laurenti alikunja mikono, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyekwisha kula. "Sikugusa panga. Fundi huyu hapa, muulizeni."

Wakamtazama Kasimiri. Kasimiri akaitazama kamba yake.

"Sema tu, baba," mama Maria alimwambia. "Hakuna atakayekula."

"Mama alisema kata," alisema Kasimiri.

"Mama yupi?"

"Mama mwenye nyumba. Nilimrudia, nikamuuliza, nikate? Akasema kata."

Juliana alitaka kusema. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mengi, na yote yalikuwa ya kweli: kwamba alifanya kwa ajili yake, kwamba hakulala, kwamba nyumba ilikuwa moja na miti minne. Aligeuka mlangoni ayaseme.

Ester alikuwa anamtazama. Hakukuwa na machozi usoni mwake, wala hasira. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mpita njia aliyedhani anamfahamu, kisha akakuta siye.

"Ester," alisema Juliana.

Ester alijifunga kanga kiunoni. Alipita katikati ya wazee waliokaa, bila kuinama, bila kuomba njia, jambo ambalo mtoto wa Kiluguru hukemewa akilifanya, na hakuna aliyemkemea. Akashuka barazani, akaenda zake.